Nukta Nyekundu Chini ya Lori

Bisibisi ilikuwa imezama mpaka kwenye mpini, na Nukta alikuwa bado ameushika.

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, shika haya machache twende. Lori la zamani, lenye boneti ndefu na kabini ya duara, linauzwa leo saa sita. Baba mdogo wa Nukta amelitangaza kwamba limerejeshwa, zima kama lilivyotoka kiwandani. Nukta, mpiga rangi wa gereji na binti wa fundi mkuu, ameona ufa mwembamba kama unywele kwenye chasisi, ule uti wa mgongo wa chuma unaobeba lori zima. Akaudokoa. Chuma hakidokoleki. Hiki kilidokoleka.

Na pale pale, kando ya tundu, palikuwa na nukta nyekundu aliyoipiga yeye mwenyewe.

"Unatafuta nini huko chini?"

Viatu vya kahawia. Vimeng'arishwa, kamba zimefungwa mafundo mawili mawili. Vilikuwa vimesimama kando ya gurudumu la mbele, hatua moja kutoka kichwani kwake.

Nukta alichomoa bisibisi. Unga ukamwagikia shavuni, mkavu kama chaki. Puti. Ile ile wanayojazia mabati yaliyobonyea kabla ya kupaka rangi.

"Naangalia oili," alisema.

"Oili iko mbele. Wewe uko katikati."

Aliteleza na kipande chake cha boksi, akatoka upande wa pili, akasimama huku anajifuta uso kwa mkono wenye grisi. Mzee mwembamba alikuwa akimtazama kupitia dirisha la kabini. Kofia mkononi, shati limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mimi ndiye mnunuzi. Najua nimewahi. Sikuweza kukaa nyumbani."

Saa nne kasoro. Saa mbili nzima kabla ya wakati.

"Mzee wangu!" Baba mdogo alikuwa ameshatoka ofisini, funguo zinazunguka kwenye kidole. "Karibu, karibu. Usimtazame huyu, ni mtoto wa kaka yangu, akishaanza kulipapasa lori hasikii la mtu. Umeliona? Sema ukweli. Umeliona?"

"Naliona."

"Limerejeshwa. Siyo limepakwa rangi, aa. Limerejeshwa. Ukilisimamisha kando ya lile lililotoka kiwandani, mama yao mwenyewe hawezi kuwatofautisha."

Yule mzee hakucheka. Alipitisha kiganja juu ya boneti, taratibu, kama mtu anayepima homa ya mgonjwa.

"Chasisi je?" aliuliza.

Nukta aliificha bisibisi nyuma ya mgongo.

"Chasisi?" Baba mdogo alicheka. "Mzee wangu, chasisi ya hili lori itazika wajukuu zako. Njoo ofisini nikuonyeshe picha ya tulilouza kabla ya hili. Njoo ukae, umetoka mbali."

Wakaondoka. Mlangoni mzee aligeuka. Hakulitazama lori. Alimtazama Nukta, na ile chaki shavuni.

* * *

Gereji hii ilikuwa na utaratibu mmoja, na ndio ulioipa sifa.

Baba yake Nukta aliitwa Sikio. Alikuwa akigonga chuma kwa nyundo ndogo ya shaba, anainamisha kichwa, anasikiliza. Chuma kizima hulia, na mlio wake hukawia kuisha. Kilichopasuka hujibu mara moja, kikanyamaza. Kilicholia vizuri hakikukwanguliwa wala kufunguliwa. Sikio alisema "kizima," na Nukta, nyuma yake na kopo la rangi, akapiga nukta nyekundu. Ndiyo sababu mtaani hakuna aliyelikumbuka jina alilopewa na mama yake.

Watu walileta malori ya zamani kutoka mbali kwa ajili ya nukta zile. Nukta ilikuwa na maana kwamba Sikio amesikiliza.

Sasa ilikuwa juu ya puti.

Alizunguka lori mara tatu bila kujua anatafuta nini. Akaweka bisibisi kwenye meza, akaichukua tena, akaitia mfukoni. Baba mdogo alipotoka ofisini kuja kuchukua thermos ya chai, alimvuta kwenye pembe, nyuma ya matairi.

"Baba mdogo, chasisi imejazwa puti."

"Punguza sauti."

"Boriti ya kushoto. Bisibisi imeingia yote."

"Na wewe nani alikutuma kumchoma mgonjwa bisibisi siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani?" Alitazama mlango wa ofisi. "Puti ya nani? Yetu?"

"Ya zamani. Imekauka kabisa."

"Basi si kosa letu. Alhamdulillahi. Paka rangi."

"Tumesema limerejeshwa."

"Na limerejeshwa. Linawaka? Linawaka. Linang'aa? Unaweza kunyolea ndevu mlangoni pake. Honi inalia? Inaamsha mtaa. Unataka nini tena, likuimbie?"

"Tangazo nimeliandika mimi," Nukta alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama kawaida yake akibishana na wakubwa. "Uliniambia niandike limerejeshwa, nikakuuliza maana yake nini. Ukasema kila kitu kimefunguliwa, kimeangaliwa, kibovu kimetolewa, kizima kimerudishwa. Ndivyo nilivyoandika."

"Mwanangu, hayo ni maneno ya biashara. Hata mke wangu alitangaziwa kwamba mimi ni mtu mzuri."

"Atalipakia mzigo. Likikatika katikati njiani?"

Funguo za baba mdogo ziliacha kuzunguka. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini hakuwa mtu mbaya, na kwa muda mfupi uso wake ulionyesha hivyo.

"Kaka aligonga pale?"

"Aligonga. Mimi nilikuwa nyuma yake na kopo."

"Akasema kizima?"

"Akasema kizima."

"Kaka hajawahi kukosea," baba mdogo alisema polepole, kama anajishawishi mwenyewe. "Nenda kamuulize. Mimi nitamshikilia mzee kwa chai. Lakini fanya haraka, yule hatulii kitini. Ameshasimama mara nne."

* * *

Sikio alikuwa kwenye meza ya nyuma, mgongo kwenye mlango, anapiga tupa bawaba ya mlango wa lori.

"Baba."

Tupa iliendelea.

"Baba, ile boriti ya kushoto uliigonga vizuri?"

Tupa iliendelea, kwa mwendo ule ule, kwenda na kurudi.

Nukta alisimama. Kuna mambo mtu huyaona kila siku bila kuyaona. Redio ya gereji, iliyokufa mwaka jana na baba akasema ipumzike. Baba anavyomwambia kila mtu, "Simama hapa mbele yangu, kuna mwanga." Anavyopaza sauti mezani mpaka mama anamuuliza kama anahutubia. Na ule ufundi wake mpya: zamani alikuwa akiweka mpini wa bisibisi sikioni na ncha kwenye injini ili asikie beringi iliyochoka. Siku hizi anaung'ata kwa meno. Alisema ameona inasaidia zaidi. Wote wakamsifu.

Kando ya mguu wake palikuwa na ringi ya gurudumu, imeegeshwa ukutani. Nukta aliisukuma kwa kidole.

Ilianguka juu ya sakafu ya saruji. Njiwa waliokuwa juu ya paa waliruka wote. Ofisini, kikombe kiligonga sahani.

Baba yake alipuliza vumbi la chuma kwenye bawaba, akaikagua kwenye mwanga, akaendelea kupiga tupa.

Nukta alitembea mpaka mbele yake. Alikuwa akilia, na hakujua ameanza saa ngapi. Sikio aliinua macho, akamwona yeye, kisha akaiona ringi nyuma yake, imelala chini, bado inayumba.

Akaiweka tupa mezani.

"Imeanguka sasa hivi?"

Nukta aliitikia kwa kichwa.

"Kwa kelele?"

"Kwa kelele, baba."

Alimsoma midomo. Sasa Nukta aliona jinsi macho yake yalivyoshuka mdomoni na kusubiri.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Sikio la kushoto zamani. Kulia mwaka jana, katikati." Alisema kwa sauti kubwa mno, kisha akajishtukia, akainong'oneza. "Kwanza ilikuja kama mbu ndani ya kichwa. Baadaye mbu naye akaondoka."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme kwa nani? Wananiita Sikio, mama. Seremala akikatwa mkono watu wanaona. Mimi nilidhani nitakisikia chuma kwa vidole. Nyundo inaporudi mkononi kuna mtetemo, unaweza kuusoma. Siku nyingine nausoma."

"Na siku nyingine?"

Sikio alichukua kitambaa akaanza kufuta mikono, kidole kimoja kimoja, vidole ambavyo tayari vilikuwa safi.

"Usimwambie baba mdogo wako," alisema. "Usimwambie mtu. Tutoe lori hili tu, kisha nitafunga duka kwa heshima. Nakuomba."

Baba yake hakuwa amewahi kumwomba kitu maishani. Alikuwa akiagiza, au akinyamaza.

Huko nje, baba mdogo aliita. Sauti yake haikuwa na utani hata chembe.

"Nukta! Njoo."

* * *

Mzee wa viatu vya kahawia alikuwa amevua shati. Alilikunja vizuri, akaliweka juu ya bampa, akalala chali juu ya boksi la Nukta na fulana yake nyeupe. Kutoka chini ya lori ilionekana miguu tu.

"Chai ilimshinda," baba mdogo alinong'ona. "Amesema anakwenda kujisaidia. Naangalia dirishani, yuko chini ya gari."

"Hapa pana tundu," sauti ilisema kutoka chini. "Bichi. La leo. Na pana nukta nyekundu. Nani alipima hapa?"

Baba mdogo alimeza mate. "Kaka yangu, mzee. Ndiye anayepima yote. Sikio lake..."

"Mimi," Nukta alisema.

Baba mdogo alimgeukia, macho yamemtoka.

"Mimi ndiye niliyepima," Nukta alirudia, na akaona kwamba uongo ukishatoka wa kwanza, wa pili hausumbui. "Baba alikuwa na kazi nyingi. Nilichukua nyundo, nikadhani nimesikia. Kosa ni langu. Baba hakuwepo."

Mzee alitoka chini ya lori akijivuta kwa viwiko. Alikaa pale pale sakafuni, mgongo kwenye gurudumu. Fulana sasa ilikuwa nyeusi kwa grisi.

"Wewe una miaka mingapi?"

"Ishirini na mitatu."

"Puti hii ina arobaini na moja." Alisugua unga kati ya vidole. "Najua kwa sababu niliikoroga mimi. Kwenye kopo la maziwa."

Akaupangusa unga kwenye suruali.

"Nililiendesha lori hili nikiwa kijana. Nikaligonga kwenye ukingo wa daraja, gari la tajiri, wiki ya pili ya kazi. Boriti ikapasuka hapa. Nikaziba, nikapaka rangi, nikamwambia tajiri ni mkwaruzo. Nikaliendesha mwezi mmoja bila kupumua, kisha nikaacha kazi. Akaja dereva mwingine. Kijana kuliko mimi, mwenye watoto. Sikumwambia."

"Akapata ajali?" Nukta aliuliza.

"Hapana. Miaka sita aliliendesha, hakupata hata pancha. Lakini mimi miaka hiyo sita kila mvua ikinyesha nilikuwa nasikiliza watu wanazungumza nini njiani." Alimtazama baba mdogo. "Nilipoona tangazo lenu nilipiga simu nikauliza neno moja. Limerejeshwa? Ukanijibu limerejeshwa. Nikauliza, mpaka chasisi? Ukasema mpaka chasisi. Siku ile nililala mchana kutwa kama mtoto mchanga, maana nilijua mmeiona, mmeikata, mmeweka chuma. Kumbe mmeipaka rangi juu ya rangi yangu."

"Mzee wangu," baba mdogo alianza, "kurejeshwa kuna ngazi zake..."

"Mimi sitaki lisilo na kovu. Nataka nijue makovu yako wapi na nani ameyashona. Hiyo ndiyo maana yake kwangu. Wewe ya kwako ni ipi?"

Baba mdogo alizitazama funguo zake kana kwamba jibu limeandikwa humo.

"Na wewe, binti," mzee alisema, na sauti yake ikalainika. "Umesema ulipima. Basi niambie, ule wa kulia uliusikiaje?"

"Wa kulia?"

"Niliziba mbili."

Nukta alijua bila kuinama. Boriti ya kulia, sehemu ile ile, palikuwa na nukta nyekundu nzuri ya mviringo. Aliikumbuka kwa sababu siku ile aliipenda.

"Hajapima yeye."

Wote waligeuka. Sikio alikuwa amesimama kati ya lori na ukuta. Haikujulikana amekuwa pale muda gani, lakini alikuwa amesimama penye mwanga, na midomo yao yote ilikuwa wazi mbele yake.

"Nimepima mimi," alisema kwa sauti yake kubwa isiyo na kipimo. "Sisikii. Mwaka wa pili huu sisikii."

"Kaka," baba mdogo alisema.

Sikio alitoa nyundo ya shaba kwenye mfuko wa ovaroli. Mpini ulikuwa umelika upande mmoja, umbo la kidole gumba chake. Alimpa binti yake.

"Gonga wewe. Lori zima, kuanzia mbele. Mimi nitakutazama uso."

* * *

Nukta aliingia chini ya lori. Hakuwahi kuishika ile nyundo. Aliwahi kuisafisha tu.

Aligonga mbele, karibu na bampa. Mlio ulitoka safi, ukaning'inia, ukaondoka taratibu. Akasogea. Mlio. Akasogea. Baba yake alikuwa amepiga magoti, shavu karibu na sakafu, macho yamemkazia.

Boriti ya kushoto: kipande kile kilijibu kifupi, kama mtu anayegongewa mlango na hataki wageni.

"Mmoja," Nukta alisema.

Boriti ya kulia: vivyo hivyo.

"Wa pili."

"Hizo nyufa ni zangu," mzee alisema kutoka juu. "Zimekwisha."

Lakini Nukta hakuacha. Alikuwa ameanza kuusikia mlio kwa namna ambayo hakuitarajia, kama mtu anayegundua kwamba lugha ya jirani alikuwa akiielewa siku zote. Aligonga chuma kinachokingama nyuma ya kabini, pale tangi la mafuta linaposhikiliwa. Nukta ya pale ilikuwa mpya, rangi bado laini.

Dup.

Aligonga tena, kando kidogo. Mlio. Akarudi. Dup.

"Kuna wa tatu."

"Hakuna wa tatu," mzee alisema. "Niliziba mbili. Huo siujui."

Nukta alitoa bisibisi mfukoni, akadokoa. Puti hii haikuwa kavu kama chaki. Ilitoka kwa vipande laini vya kijivu. Aliijua. Alikuwa amenunua kopo lake mwenyewe, mwezi uliopita.

Akageuza uso kumtazama baba yake pale sakafuni. Sikio alikuwa ameshamsoma. Alifumba macho, na kwa mtu asiyesikia, kufumba macho ni kuondoka chumbani.

"Huo ni wangu," alisema.

"Baba."

Alifumbua. "Ukichomelea chuma, moto unatakiwa ulie kama mafuta kwenye kikaango. Ukibadilika sauti, unajua unakaribia kutoboa, unaondoa mkono. Mimi sikusikia ulipobadilika. Nikatoboa. Wewe ulikuwa umekwenda kununua rangi. Nikajaza puti kama mwanafunzi wa siku ya kwanza, nikasema nitakirudia kesho." Midomo yake ilikuwa mikavu. "Kila siku nasema kesho."

Nukta alitoka chini ya lori. Alitaka kumkumbatia, na alitaka kumtikisa, na hakufanya lolote, kwa sababu kitu kingine kilikuwa kimeanza kumtambaa mgongoni.

Mwezi uliopita. Lakini baba hasikii tangu mwaka jana.

Alisimama mbele yake, kwenye mwanga, akatamka polepole.

"Baba. Ni hili tu?"

Sikio aliangalia mlango wa ofisi.

Ukutani mle ndani palikuwa na picha ambayo baba mdogo alikuwa amemwonyesha mzee nusu saa iliyopita. Lori la kijani. Seremala aliyelinunua na mkewe wamesimama mbele yake, mke ameshika ufunguo juu kama kikombe cha ushindi. Liliuzwa miezi miwili iliyopita, limerejeshwa.

"Wapi?" Nukta aliuliza. "Lile la kijani, ulitoboa wapi?"

"Pale boksi la usukani linaposhikwa na chasisi."

Mzee wa viatu vya kahawia alivuta pumzi kwa meno. Baba mdogo alikaa chini juu ya tairi bila kuangalia kama lipo.

Nukta alikuwa ameshafika ofisini. Namba ya seremala ilikuwa imeandikwa kwa kalamu chini ya picha, na yeye ndiye aliyeiandika. Kidole gumba kiliacha alama ya grisi kwenye kila tarakimu. Simu iliita mara moja, mbili, tano.

"Nukta?" Ilikuwa sauti ya mke, imejaa upepo na mngurumo wa injini. "Wee mdogo wangu, utaishi miaka mingi, sasa hivi tulikuwa tunakutaja."

"Dada, mume wako yuko wapi?"

"Si huyu hapa, kashika usukani. Hawezi kuongea, tumepakia vitanda kumi na viwili, ndio tunaumaliza mlima wa machimbo tuanze kuteremka. Ngoja, anasema nikuulize. Usukani kula upande wa kushoto ni kawaida kwa magari ya zamani? Umeanza tangu asubuhi."

"Simameni. Dada, mwambie asimame sasa hivi, msiteremke."

"Unasemaje? Huku mtandao..."

Ukakatika.

Alipiga tena. Sauti ya mashine ikamwambia kwa adabu kwamba namba hiyo haipatikani.

Alipotoka hakuhitaji kusema. Baba yake alimsoma mlangoni, akaanza kuvua ovaroli bila sababu yoyote, kama mtu anayetaka kufanya kitu chochote kwa mikono.

"Mlima upi?" mzee aliuliza.

"Wa machimbo. Wako juu, upande wa pili."

"Kutoka hapa ni robo saa. Mlima huo naujua kona kwa kona. Mna gari gani?"

Hawakuwa na gari. Pikipiki ya baba mdogo ilikuwa imefunguliwa injini tangu Jumatatu, iko mezani vipande vipande. Uani palikuwa na kitu kimoja tu chenye magurudumu na mafuta, kinachong'aa, boneti ndefu, kabini ya duara.

Mzee alichukua shati lake juu ya bampa. Akanyoosha mkono kwa baba mdogo, kiganja juu.

"Funguo."

Baba mdogo alizibana kifuani. Jasho lilikuwa likimtiririka. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akalitazama lori alilolisifu asubuhi nzima, na mwezi mzima, na kwa kila aliyepiga simu.

"Hilo haliwezi kutoka hapa, mzee wangu," alisema. "Chasisi imekufa sehemu tatu. Hilo halijarejeshwa."

"Sasa umelitangaza vizuri," mzee alisema, na akazichukua funguo mkononi mwake. "Kwa hilo tangazo, nalichukua. Nani anakuja kunisikilizia chasisi?"

Nukta alikuwa ameshapanda, nyundo ya shaba mkononi, sikio kwenye bati la sakafu.